Sura ya Sita: Kuimba Wimbo wa Mtu

Robert Johnson alikufa Agosti 1938, jirani na mji wa Greenwood, Mississippi, akiwa na miaka 27. Alichoacha ni nyimbo 29, alizozirekodi kwa safari mbili tu: San Antonio mnamo Novemba 1936 na Dallas mnamo Juni 1937. Mtu mmoja, gita moja, na sauti ya juu yenye wasiwasi, kama ya mtu aliyesikia hatua nje ya mlango. Miaka 55 baada ya kifo chake, Cassandra Wilson alichukua mbili kati ya nyimbo hizo akaziweka kwenye albamu yake ya mwaka 1993, Blue Light 'til Dawn. Hakuwa mgeni nazo. Yeye amezaliwa Jackson, Mississippi. Johnson alizaliwa Hazlehurst, mji mdogo ulio mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapo. Wamezaliwa katika joto moja na mvua moja. Hata hivyo hakuimba kama Johnson.

Sikiliza “Come On in My Kitchen” kwa mkono wa kila mmoja wao. Johnson anamwita mwanamke aingie jikoni kwake kwa sababu nje mvua inakuja, na gita lake linalia kama upepo kwenye bati. Ni mwito wa mwanamume ambaye hana hakika kama ataitikiwa. Kwa Cassandra, nyuzi na ngoma ndizo zinazoubeba wimbo. Sauti yake ni nzito, ya chini, na haina haraka. Mwenye jiko sasa ni mwanamke, naye hana wasiwasi wowote. Mvua ni ileile, lakini anayeomba si yuleyule, na kwa kubadilika huko tu wimbo unakuwa na habari mpya ya kutoa.

Nimeanza na wimbo huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo sura hii yote inalizunguka. Wanamuziki wetu wana neno kwa kazi ya kurudia nyimbo za wengine: wanasema wanapiga kopi. Bendi ya hoteli inapiga kopi ili wageni wale chakula chao wakisikia wanachokijua, na hakuna aibu katika kazi hiyo, maana wengi walijifunza gita kwa njia hiyo. Lakini Cassandra hakupiga kopi. Alifanya alichokuwa akifanya Bi Kidude kwa nyimbo za Siti binti Saad: aliingia ndani ya wimbo wa mtu akausema kwa umri wake, kwa maungo yake, kwa yale aliyoyaona yeye.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tabora anaweza kuwa amelijua neno jazz kwanza kwa majina ya bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilipiga dansi na rumba. Jina walilichukua kwa sababu lilikuwa na harufu ya mji na ya usasa. Jazz ya Marekani ni mto mwingine, ingawa mito hiyo miwili ina chemchemi za pamoja, kama tutakavyoona punde. Na katika jazz hiyo kuna akiba ya nyimbo ambazo kila mpigaji anatakiwa azijue. Wao huziita standadi. Sisi tungeziita zilipendwa, isipokuwa kwamba zilipendwa zetu tunapenda zipigwe kama zilivyokuwa, na wao wanadai zipigwe vingine kila usiku.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Blues ya kawaida ina vipimo 12, na gita au piano hupita humo kwenye kodi tatu za msingi. Wimbo wa kawaida wa swing una vipimo 32: sauti ya kwanza, inarudiwa, inakuja nyingine katikati, kisha ile ya kwanza inarejea. Mifupa ni hiyo tu. Wapigaji wanne wasiojuana wakikutana jukwaani, mmoja anataja jina la wimbo na ufunguo wake, anahesabu mpaka nne, na wanaondoka pamoja. Nyama kila mmoja anakuja na yake. Ndiyo maana wimbo uleule unaweza kuwa sala kwa mmoja na ugomvi kwa mwingine.

Kuna wanaolalamika kwamba vijana wa leo wanaharibu nyimbo za wazee. Kwa hao nina habari za W. C. Handy. Alikuwa kiongozi wa bendi, mtu aliyesoma noti, mwenye suti na nidhamu. Yapata mwaka 1903, akisubiri treni iliyochelewa katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu mweusi mwenye nguo chakavu akipiga gita huku akikandamiza nyuzi kwa kisu. Handy mwenyewe alieleza baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba hakuwahi kusikia muziki wa ajabu kama ule. Miaka ilipita. Wimbo wake “The Memphis Blues” aliuuza kwa pesa ndogo, akawatazama wengine wakitajirika nao. Alipotunga “St. Louis Blues” mwaka 1914, aliuchapisha kwa kampuni yake. Humo alichukua kilio alichokisikia kwa watu wa vijijini akakivalisha nguo za mjini, na katikati akatia mdundo wa habanera, mdundo uliotoka Cuba. Cuba hiyohiyo ndiyo iliyotuma santuri zilizokuja kuwafundisha rumba vijana wa Léopoldville na Dar es Salaam. Kwa hiyo wimbo unaotajwa kama baba wa standadi za blues ulikuwa tangu mwanzo tafsiri ya muziki wa mtu mwingine. Yule wa stesheni, mwenye kisu, jina lake halikuandikwa popote.

Kisha akaja Bessie Smith. Tarehe 14 Januari 1925, jijini New York, aliurekodi “St. Louis Blues” akiwa na watu wawili tu: Fred Longshaw kwenye kinanda cha upepo, na kijana wa miaka 23 kutoka New Orleans kwenye kornet, Louis Armstrong. Kinanda kile kinavuta pumzi kama mzee kanisani. Bessie anauburuta wimbo polepole kuliko Handy alivyouandika, na kila anapomaliza mshororo Louis anamjibu, kama mpambe anayemjibu bibi harusi. Hakuna dramu, hakuna besi. Louis ndiye yule ambaye mwaka 1960 angefika Kongo na tarumbeta yake, Léopoldville na kisha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Lakini sidhani kama aliwahi kupiga kwa unyenyekevu mkubwa kuliko asubuhi ya maisha yake alipomsindikiza Bessie.

Mwaka 1998 Herbie Hancock aliutoa wimbo huohuo kwenye albamu Gershwin's World, akamwalika Stevie Wonder aimbe na apulize hamonika. Hapo kilio kimegeuka kuwa cheko la mtu aliyekwishalia akamaliza. Mdundo una mnofu wa miaka ya 1970, Stevie anapinda sauti pale ambapo Bessie aliinyoosha. Nimezisikiliza santuri hizo mbili moja baada ya nyingine mara nyingi, na sijaona moja inayoifuta nyenzake. Hancock hakuwa na haja ya kutuonyesha kwamba anaijua ya Bessie. Anaijua, ndiyo maana hakuigusa.

Si kila wimbo unaruhusu uhuru kama huo. “Strange Fruit” ulianza kama shairi. Mtunzi wake, Abel Meeropol, alikuwa mwalimu Myahudi katika Bronx, naye alilichapisha mwaka 1937. Alikuwa ameiona picha ya miili ya watu weusi walionyongwa mtini na umati wa Wazungu, umati uliosimama chini ya mti ukiitazama kamera. Aprili 1939 Billie Holiday, akiwa na miaka 24, alirekodi wimbo huo. Kampuni yake ya kawaida, Columbia, ilikataa kuugusa, ikabidi aurekodi kwa Milt Gabler wa Commodore, lebo iliyozaliwa ndani ya duka la santuri. Katika klabu ya Café Society mjini New York, mahali ambapo weusi na weupe waliruhusiwa kukaa pamoja, mwenye klabu, Barney Josephson, aliweka masharti: wimbo huu uwe wa mwisho, wahudumu wasimame walipo, taa zizimwe isipokuwa moja kwenye uso wa Billie. Ukiisha, anaondoka. Hakuna kurudi kuinama, hata wakipiga makofi usiku kucha.

Fikiri basi uzito wa kuurudia wimbo huo. Nina Simone aliurudia mwaka 1965, mwaka wa damu huko Selma, na alifanya jambo la busara: aliondoa karibu kila kitu. Piano na sauti. Billie aliimba kama shahidi anayeeleza mahakamani kwa sauti ya chini. Nina anaimba kama mama anayetaka kujua ni nani aliyefanya. Karibu na mwisho anarefusha neno moja mpaka sauti inapasuka, na mpasuko huo ndio mchango wake. Cassandra Wilson naye, mwaka 1995, aliuweka mwanzoni kabisa mwa albamu New Moon Daughter. Billie aliuweka mwisho ili watu waondoke nao; Cassandra aliuweka mwanzo ili watu waingie nao. Kubadilisha mahali pa wimbo tu nako ni tafsiri.

Mwaka 2013 Kanye West alikata sauti ya Nina Simone kutoka santuri ile ya 1965 akaijenga ndani ya “Blood on the Leaves”. Kiufundi ni kazi nzito. Tarumbeta zinapoingia kwa kishindo hata mpinzani wake atatikisa kichwa. Lakini maneno ya Kanye yanahusu mapenzi yaliyovunjika, umaarufu, fedha za kugombaniwa na mwanamke. Nimewasikia wanaomtetea wakisema kwamba maumivu ni maumivu. Siwezi kukubaliana nao. Miili iliyoning'inia mtini haiwezi kuwa pambo la ugomvi wa wapenzi. Kilio cha Nina kina anwani yake, na msanii akikipeleka kwenye anwani nyingine amekinyang'anya maana. Nasema hivi nikijua kwamba Kanye ana sikio ambalo wazalishaji wengi hawana. Sikio lilikuwepo. Heshima ndiyo iliyokosekana.

Sasa nije kwa mwimbaji ambaye kwangu ndiye anayeifanya kazi hii kwa akili kubwa kuliko wote walio hai. Cécile McLorin Salvant alizaliwa Miami mwaka 1989, baba Mhaiti, mama Mfaransa. Alisomea sheria na muziki Ufaransa, na mwaka 2010 alishinda shindano la waimbaji lililobeba jina la Thelonious Monk. Wengine hutafuta katika akiba ya zamani nyimbo tamu. Yeye hutafuta zile ambazo familia ingependa kuzificha.

Katika albamu WomanChild ya mwaka 2013 aliimba “You Bring Out the Savage in Me”, wimbo ambao Valaida Snow, mpiga tarumbeta na mwimbaji mweusi, aliurekodi miaka ya 1930. Ni wimbo wa dhihaka: mwanamke mweusi anaonyeshwa kama mshenzi wa msituni, Afrika ikiwa pazia la nyuma lililochorwa na mtu asiyewahi kufika. Cécile angeweza kuuacha uoze. Angeweza kubadilisha maneno. Hakufanya lolote kati ya hayo. Anaimba kila neno, kwa sauti inayoruka kutoka utoto hadi mngurumo, akiyatia chumvi mpaka upuuzi wake unabaki uchi mezani, na aibu inamhama mwimbaji ikamkalia mtunzi. Miaka minne baadaye, katika Dreams and Daggers, alichukua “Si j'étais blanche” wa Josephine Baker, ambamo mwanamke mweusi anawaza ingekuwaje kama angekuwa mweupe. Hapo hatii chumvi hata kidogo. Anaimba kwa upole, karibu na kunong'ona, na ukumbi unajikuta umenyamaza kabla haujajua kwa nini. Nyimbo mbili za aibu, dawa mbili tofauti. Mtu hawezi kujua dawa ipi ni ya wimbo upi bila kukaa nao muda mrefu.

Rhiannon Giddens naye hukaa na nyimbo muda mrefu. Wengi walimjua kwa banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika na ambacho Wamarekani weupe waliwahi kudhani ni chao. Albamu yake ya mwaka 2015, Tomorrow Is My Turn, inafunguliwa na “Last Kind Words”. Wimbo huo uliimbwa na Geeshie Wiley mwaka 1930 katika mji wa Grafton, Wisconsin, kwa lebo ya Paramount. Paramount ilikuwa mali ya kampuni ya viti. Waliuza samani, wakaanza kutengeneza makabati ya gramafoni, na ili makabati yauzike wakahitaji santuri. Blues nyingi kubwa za Mississippi zilihifadhiwa hivyo, na watu waliokuwa wakifikiria mbao. Walizikandamiza kwenye malighafi duni, ndiyo maana nakala zilizobaki zinakwaruza kama changarawe.

Geeshie Wiley aliacha nyimbo chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Katika huu anaimba habari za mwanamume aendaye vitani, maneno yake ya mwisho, na mwili usiojulikana utarudi vipi. Giddens alikuwa na sababu zote za kuusafisha wimbo, kuweka vinanda vikubwa, kuulainisha. Badala yake aliacha gita litembee kwa hatua ileile ya mguu mzito, na akatumia sauti yake iliyofundwa kwa opera kwa jambo moja tu: kuyatamka maneno. Yale ambayo mikwaruzo ilikuwa imeyameza kwa miaka 85, sasa yanasikika.

Mara kadhaa hapo juu nilitaka kulitaja neno deni. Deni la heshima tumeshaliona. Lipo pia deni la shilingi. Mwaka 1962 Muddy Waters aliimba “You Need Love”, utunzi wa Willie Dixon. Mwaka 1969 bendi ya Uingereza, Led Zeppelin, ilitoa “Whole Lotta Love” yenye maneno yaliyochukuliwa humo, bila jina la Dixon. Dixon alishtaki mwaka 1985, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Wakati huo alikuwa na miaka 72. Alikuwa ameanzisha taasisi, Blues Heaven, ya kuwasaidia wazee wa blues kudai mirabaha yao, na leo ipo katika jengo la zamani la Chess Records huko Chicago. Lakini Waingereza hawakuwa sawa wote. Kundi la Cream, lilipoimba “I'm So Glad” mwaka 1966, lilimwandika Skip James kama mtunzi. Mzee huyo alikuwa bado hai, maskini na mgonjwa. Jina kwenye karatasi ni kitu kidogo kwa bendi yenye ndege yake. Kwa mzee mgonjwa ni dawa.

Hilo linanifikisha kwenye kumbi za dansi. Ulaya, tangu mwanzoni mwa karne hii, kumezuka mtindo wa kukata vipande vya swing ya miaka ya 1930 na kuvizungusha juu ya mdundo wa kompyuta. Caravan Palace wa Ufaransa wanafanya hivyo, na hasa Parov Stelar wa Austria. Wapo wanaopuuza muziki huu kwa kuwa ni wa kuruka tu. Mimi siwaungi mkono. Swing ilikuwa ya kuruka tangu mwanzo. Katika ukumbi wa Savoy, Harlem, bendi ya Chick Webb ilipimwa kwa jasho la wachezaji. Ninachotaka kujua ni kipande kimekatwa wapi, kwa nani.

Kibao mashuhuri cha Parov Stelar kinaitwa “Booty Swing”. Tarumbeta na mdundo unaowarusha vijana humo vimetoka kwenye “Oriental Swing”, santuri ya mwaka 1938 ya Lil Hardin Armstrong. Ni mwanamke aliyezaliwa Memphis mwaka 1898, akaja kupiga piano katika bendi ya King Oliver huko Chicago, akaolewa na Louis Armstrong mwaka 1924. Yeye ndiye aliyemsukuma Louis aache kuwa tarumbeta ya pili nyuma ya Oliver. Mwaka 1925 alikaa kwenye piano katika Hot Five, bendi ambayo bila santuri zake historia ya jazz haiandikiki. Alitunga “Just for a Thrill”, ambao Ray Charles aliutoa upya mwaka 1959 kwa namna inayokausha koo. Ndoa ilivunjika. Nyumba yao ya Chicago alibaki nayo, na jina la Armstrong pia. Kila ninapousikia ule mzunguko ukumbini, watu wakiruka, hutamani mtu achukue kipaza sauti alitaje jina lake, mara moja tu, kabla wimbo haujaisha.

Louis alifariki tarehe 6 Julai 1971. Tarehe 27 Agosti mwaka huohuo, Chicago, lilifanyika tamasha la kumkumbuka, na Lil aliombwa apige. Alikaa kwenye piano akaanza “St. Louis Blues”. Akaanguka palepale, wimbo ukiwa bado mikononi mwake, akafa. Alikuwa na miaka 73.